Taa Iliyozimika Forodhani

Mke wangu Sesilia,

Niwie radhi kwanza kwa kukuandikia kwa penseli. Wino wa kalamu yangu umekauka, nami nimeona haya kumsumbua mtu aende dukani kwa jambo dogo kama hilo. Katika shule ya misheni tulifundishwa kuwa barua ya penseli ni dharau kwa anayeandikiwa. Naamini utanisamehe, kama ulivyonisamehe mengi.

Hapa Michenzani ngazi ni zile zile, ila sasa nazipanda kwa kupumzika kila ghorofa. Mkeka wako wa roshani nimeukunja. Jirani yetu Bi Zuhura bado ananiletea uji, na bado anagonga mlango kwa kiganja chote kama askari. Juzi alinigongea jioni, baada ya kusali magharibi. "Mwalimu, nshachoka kukugongea! Vaa viatu. Mji mzima uko Forodhani unatazama mataa, wewe umejifungia humu kama halua iliyosahauliwa kabatini." Nilimwomba radhi, nikamwambia magoti yananiuma. "Magoti, magoti! Mbona Jumapili yanakwenda kanisani?"

Magoti hayo hayo, Sesilia, ndiyo udhuru ninaompa binti yetu Agnesi kwa kutokuja kaburini kwako tangu siku tuliyokuzika.

Basi nikavaa viatu. Wasanii kutoka nchi mbalimbali walikuwa wameuvisha Mji Mkongwe taa za kila namna. Juu ya ukuta wa Ngome Kongwe walirusha picha ya pweza wa nuru, mikono yake ikijikunjua kutoka mnara hadi mnara, na watoto wakikimbia kukanyaga vivuli vyake. Bi Zuhura alisimama akashika kiuno. "Pweza mkubwa hivi ukutani, na hapo chini wauza pweza wanatukatia vipande kama kucha!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikageuka upande wa kushoto, unakotembea wewe, nikwambie.

Hapakuwa na mtu. Nilijua, lakini shingo yangu ilikuwa bado haijajua.

Tukateremka bustanini. Kwenye majani walikuwa wamepanga vikombe vya kioo, safu kwa safu, na ndani ya kila kimoja mwanga mdogo wa manjano ukitetemeka kama mshumaa. Sikuona sanaa pale. Niliona makaburi yetu, jioni ya Siku ya Marehemu, Wakristo wote wameshawawashia watu wao. Unakumbuka ulivyokuwa ukinichelewesha? Ukishamaliza kwa wazazi wetu, unakataa kuondoka. Unapita safu baada ya safu na kibiriti chako, ukiwasha tena mishumaa iliyozimwa na upepo kwenye makaburi ya watu tusiowajua hata kwa sura. Mimi ninasimama langoni na mwavuli, nikikuhimiza kwa adabu, na kwa kununa kidogo. Nawe unanijibu bila kuinua kichwa: "Subiri, Baba Agnesi. Huyu naye ana watu wake. Hawajafika tu."

Katika safu iliyo karibu na njia, kikombe kimoja kilikuwa giza.

Sikufikiri. Nilivua kofia, nikapiga magoti, nikatoa mfukoni kibiriti ninachotembea nacho kwa ajili ya umeme kukatika. Njiti ya kwanza ikazimwa na upepo wa baharini. Nikawasha nyingine, nikaikinga kwa kiganja kama ulivyokuwa ukifanya, nikainamisha uso kutafuta utambi.

Hapakuwa na utambi. Palikuwa na waya.

Msichana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, mmoja wa waangalizi wa maonyesho, aliinama karibu yangu. "Shikamoo, babu. Hiyo ya umeme, babu. Imekufa tu, fundi anakuja." Alisema kwa upole mno, wala hakuwa na kosa lolote. Lakini neno lake lilinikaa kifuani. Imekufa tu. Wageni walikuwa wameshanizunguka wakinipiga picha, wakidhani mzee na njiti yake ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alipiga makofi. Niliwaomba radhi. Sijui niliwaomba radhi kwa lipi. Bi Zuhura aliwafukuza kwa pembe ya buibui lake, "Hamwoni mtu mzima ana lake hapo? Tokeni!" Kisha akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti nisiyoijua kwake, "Ukimuwashia nani, Mwalimu?"

Nikasema, "Sesilia."

Jina lako lilikuwa halijatoka kinywani mwangu tangu mazishi.

Niruhusu nikueleze jambo lililonikalisha pale majanini hata nguo zikaloa umande. Siku ya Marehemu iliyopita, Agnesi alikuja kwako na wanawe, bila mimi. Aliporudi nilimuuliza kama mshumaa uliwaka vizuri. Akanijibu, "Upepo ulikuwa mkali, baba," akaenda kunawa mikono. Sikumuuliza zaidi. Kumbe nilikuwa nimesikia. Wewe uliyewawashia watu usiowajua, mshumaa wako ulizimika, na hakupita mwanamke mwenye kibiriti.

Tena kuna msalaba. Watoto wameshakutengenezea wa saruji, maana ule wa mti umeanza kuliwa na mchwa. Upo Mpendae nyumbani kwa Agnesi, umeegemea ukuta wa uani, na hawataki kuusimamisha mpaka mume wa marehemu awepo aushike kwanza, kama ulivyo utaratibu wetu. "Baba," ameniambia, "watoto wanautundikia sare za shule. Niwakataze mpaka lini?" Nikamjibu habari za magoti. Ukweli ni kwamba kila jioni naliacha komeo la mlango wazi, kana kwamba umekwenda mazoezi ya kwaya na utarudi. Nikishalisoma jina lako kwenye ile saruji, nitalazimika kulifunga.

Sikurudi Michenzani na faraja, wala sitaki kukudanganya kwamba nilirudi nayo. Nilirudi na nguo zilizoloa, na kibiriti. Lakini asubuhi nilimpigia simu Agnesi, nikamwambia waupeleke msalaba kaburini Jumamosi, nami nitakuwepo. Akauliza, "Na magoti, baba?"

"Nitakuja nayo," nikasema. Akacheka, kisha nikamsikia analia, nikamwomba radhi.

Kwa hiyo nakuaga, mke wangu, kwa kuwa mkono umechoka na penseli inakaribia kwisha. Nakuahidi kuja Jumamosi. Nitaushika msalaba, nitalisoma jina lako mpaka mwisho, kisha nitakuwashia mshumaa na kuukinga kwa kiganja hadi ushike. Nikimaliza sitakimbilia langoni. Nitapita safu za jirani zako, polepole, kwa kadiri magoti yatakavyoniruhusu. Komeo nitajitahidi kulifunga nikirudi. Hilo siliahidi, naliomba.

Na upepo ukiwa mkali usiku huu, kukawa giza hapo ulipo, usidhani umesahauliwa. Una watu wako, Sesilia. Hatujafika tu.

Mumeo,
Baba Agnesi