Usimwambie Mureithi Arudi Kwao

Migosi,
S.L.P. 1187,
Kisumu.
22 Agosti 1993

Mpendwa Shangazi Magdalene,

Pokea salamu zetu sote. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Nyeri? Sisi ni wazima, ila Mama hali chakula vizuri tangu mdogo wangu Mureithi aanze kulewa.

Barua yako Baba alitusomea mezani, Mureithi akiwepo. Umeandika kwamba pombe ni tabia ya watu wa huku, na kwamba ataacha akirudi kwao. Sasa Baba anataka kumpandisha basi aje kwako kabla shule hazijafunguliwa. Shangazi, nakuheshimu, lakini nina hasira, na sitaificha.

Kwao ni wapi? Amezaliwa hapa. Tangu uchaguzi wa mwaka jana wenzake Wajaluo shuleni humdhihaki kwa Ukikuyu wake, "Okuyu, rudi kwenu! Ziwa si la baba yako!" Ana miaka kumi na mitano. Akaanza kufuatana na baadhi yao kunywa chang'aa nyuma ya soko. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Wakishalewa hawaniulizi kabila."

Jibu hilo halinitoki kichwani.

Halafu kumbuka Aprili. Alikuja kwako kwa furaha, siku nzima kabla ya safari akirudia maamkizi ya Kikuyu asije akakosea. Mama alimfungia mbuta waliokaushwa, aliowafuata mwenyewe Asembo Bay, zawadi ya huku kwetu. Wanao Ndirangu na Gachanja wakaziba pua: "Mjaluo ametuletea nyoka!" Samaki wakatupiwa mbwa, nawe ukacheka. Huku Okuyu, huko Mjaluo. Tangu arudi hakujificha tena akinywa.

Aliyemtoa huko nyuma ya soko wiki jana ni jirani yetu, Mama Aoko. Alimfuata mwanawe Tom akawakuta pamoja. Akawaswaga hadi nyumbani kwa mwiko wa ugali, mgongo huu, mgongo ule, akifoka, "Leo hakuna Mjaluo hapa, hakuna Mkikuyu! Kabila lenu ni moja, walevi!" Mtaa mzima ulicheka. Mureithi naye alicheka huku akilia. Sijui mara ya mwisho alicheka lini.

Sasa kila jioni Mama Aoko anawaita wote wawili wamparulie samaki wa kuuza, na kabla ya kuwapa kisu ananusa midomo yao. Mpaka leo hajanusa kitu.

Kwa hiyo usimpokee, Shangazi. Mwandikie Baba upesi umwambie mtoto abaki. Wewe atakusikia, mimi ananiambia nimeharibiwa na chuo.

Jana Mureithi aliniuliza, "Dada, na huko wataniita nani?" Jibu unalo wewe.

Msalimie Baba Ndirangu. Mungu akutunze na akupunguzie maumivu. Wasalimie na Ndirangu na Gachanja, uwaambie ndugu yao anaitwa Mureithi.

Mimi mpwa wako, akupendaye hata leo,
Wangui