Waya Uliokuwa Chini ya Siti

Mpendwa Mama Limi,

Nakuita kwa jina ambalo nililiacha mwenyewe. Alipozaliwa Masanja nilianza kukuita Mama Masanja, majirani wakanifuata, nawe ukaitika. Leo sina hakika kama nitaandika barua nyingine, basi acha nikuite lile la kwanza.

Unaikumbuka asubuhi ile tulipotoka Segese, Limi akichemka homa. Mganga wa zahanati alikuwa amesema, "Mpelekeni Kahama, mimi hapa sina dawa." Nilikuwa mratibu wa elimu, na pikipiki niliyopewa na serikali ndiyo ilikuwa chombo pekee chenye injini pale kijijini. Ulipanda nyuma, mtoto mgongoni mwako. Tulipomaliza majaruba ya mpunga tu, ikazima.

Haikukohoa. Ikiishiwa petroli hukohoa kwanza. Hii ilikata ghafla, kama mtu aliyezima taa, nikajua ni umeme. Ulishuka. Nikafungua plagi, nikaifuta kwa shati, nikaishikiza kwenye injini huku nikipiga kiki. Cheche ikaruka, ya bluu, nzuri kabisa. Nikairudisha, pikipiki ikawaka. Ukapanda, ikazima.

Nikakwangua kutu kwenye platini, pale cheche inapoanzia. Nikakaza waya wa koili. Ukishuka, inaunguruma, ukipanda, kimya. Akapita mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia, akasimama kututazama, akatusalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu! Pikipiki yako ina wivu hiyo. Haitaki mke mwenza."

Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Baba Limi, mfunge mtoto mgongoni kwako uende naye. Mimi nitakuja kwa miguu."

"Subiri kidogo. Nimeshalijua tatizo."

"Ukiwa peke yako inakwenda. Mfunge."

"Subiri, nimekwambia!"

Sikuwa nimelijua. Nilichojua ni kwamba Kahama kulikuwa na walimu waliosimama kila nilipopita, na sikutaka wanione nimefunga kitenge kifuani kama yaya. Kwetu mwanamume atabeba jembe, atabeba hata ndama mgonjwa, lakini mtoto mgongoni hapana. Nikaendelea kufungua na kufunga skrubu zilezile mpaka jua likawa utosini. Mwishowe hukuniomba tena. Ulimfungua Limi, ukamlaza mgongoni kwangu, ukakaza fundo hadi nikakosa pumzi.

Pikipiki ilikwenda bila kusita hata mara moja. Njiani nilimsikia akipumua shingoni mwangu, halafu nikawa nasikia injini tu. Hospitalini, muuguzi alilifungua fundo lako, akamchukua, akaniambia nikae. Nilijua kabla hajarudi.

Msibani niliwaambia kaka zako kwamba pikipiki ilikufa kabisa, kwamba hakukuwa na namna. Wakakugeukia wewe. Ukasema, "Ndiyo, ilikufa." Sikuwahi kukuuliza kwa nini ulinisitiri.

Baadaye fundi mmoja wa Kahama aling'oa siti. Chini yake waya unaotoka kwenye betri ulikuwa umechubuka ganda, shaba inang'aa. "Ukiwa peke yako chuma hakigusi," akaniambia. "Ukipakia mtu, siti inabonyea, chuma chake kinashika waya, umeme wote unaishia kwenye fremu. Itawakaje?" Akauzungushia tepu, akarudi kwenye chai yake. Mtu yeyote angepanda nyuma yangu siku ile, hata kama ni gunia la chumvi, ingezima.

Sikukuambia. Kila nilipotaka kulisema la waya, niliona litanilazimisha kusema na la kitenge: kwamba ulinionyesha njia nikaikataa. Ukaendelea kwenda mnadani kwa miguu, na watu wakisimama wakupakie ulikuwa unawajibu, "Nendeni tu. Pikipiki hazinitaki mimi, nina mkosi nazo." Walicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao, nikijua.

Hukuwa na mkosi, mke wangu. Ilikuwa ni waya tu. Nilikuwa na miaka yote ile ya kukwambia, umekaa mbele yangu unachambua mchele, tumebaki wawili ndani ya nyumba. Mara nyingine ulininyanyulia uso ukauliza, "Unataka kusema nini?" Nikakuomba maji. Sasa maneno yamekuja yote, na hakuna wa kuyapokea. Nimemaliza shule zote zile, na hata hili sijui nilifanye vipi.

Siwezi tena kujigeuza kitandani. Masanja ndiye ananiogesha. Juzi, bila kunitazama, alinieleza kwamba wamesafisha nafasi ya kaburi langu huko nyuma ya nyumba, katikati, upande huu wewe na upande ule Limi. Alidhani ananifariji. Nilitaka kumwambia hapana, aniweke mbali kidogo, lakini ningemwelezaje sababu? Nikamwambia asante, mwanangu.

Sijui kama mnanitaka hapo. Wa kuniruhusu ni wewe, nami nimechelewa kuuliza. Wataniweka tu, na sitaweza kusogea.

Mkae salama huko mliko, mpaka hapo watakaponileta.

Mume wako