Kipande cha Mtutu

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeona bunduki. Si ya kwenye picha. Bunduki kabisa, imefungwa kwenye blanketi la mtoto lenye michoro ya bata! Mzee Kengele kaileta karakana mchana, ndiyo kwanza nimevua viatu vya shule. (Tunamwita hivyo kwa sababu ng'ombe wake wote wanavaa kengele, hata ndama. Baba anasema mke wa mzee huyo akichelewa tena kurudi nyumbani naye atavishwa.)

Mdomo wa mtutu umevimba na kupasuka. Juzi alikimbiza wezi zizini, akateleza, mtutu ukazama kwenye matope. Hakuusafisha. Akafyatua hewani. Bahati yake bado ana uso.

"Nikatie hapo palipopasuka tu, fundi. Shibiri na vidole viwili. Leseni ninayo, mimi si jambazi."

Akatoa kitabu cha leseni akakiweka kwenye meza yangu. Meza yangu ni ile ya kona, yenye daftari la kazi. Baba kusoma kwake ni kwa kuungaunga, na Kizungu chake ni cha spana na bolti, kwa hiyo mimi ndiye karani. "Muulizeni karani," huwaambia wateja, na mimi hapo hapo naangalia vidole vya miguu. Sheria ya Baba: kila kinachoingia kina namba, na namba iandikwe. Pampu, cherehani, injini. Basi nikafungua kile kitabu nitafute namba.

Nikaiandika. Mwandiko mzuri, hata mstari nikaupiga kwa rula. Halafu nikageuza ukurasa. Mimi husoma kila kitu, hata maelezo ya kwenye kopo la dawa ya mende.

Kizungu kitupu, herufi kama chawa. Sharti la sita: mwenye leseni haruhusiwi kufupisha mtutu wala kubadilisha sehemu yoyote ya silaha bila kibali cha maandishi. La saba: kazi hiyo ifanywe na fundi wa silaha mwenye leseni yake mwenyewe. Akiigusa mwingine, kosa ni la wote wawili. Kifungo kimetajwa. Miaka siiandiki hapa, mkono umekataa.

Baba ana leseni ya biashara. Ya kuchomelea mageti.

Nilipoinua kichwa alikuwa keshaibana bunduki kwenye jiriwa. Kulikuwa na wateja wengine wawili, wanaume, wanacheka. Na Baba hapendi kusahihishwa mbele za watu. Lakini nilifungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua! Nikasema, "Baba" — kwa sauti yangu ile ambayo mwalimu anasema mpaka uichungulie ndio uione.

Msumeno ukaanza.

Nikafunga kitabu.


Jumatano, 5 Machi

Kipande bado kipo. Mzee Kengele aliondoka mbio na bunduki yake jana, akakisahau. Baba amekifunga waya, ametia alama ya chaki — kengele, maana picha ndiyo maandishi yake — amekitundika msumari wa tatu pamoja na vipande vya wateja wengine. "Kipande ni cha mwenye kazi." Hata kiwe urefu wa kidole, Baba hatupi.

Nikikaa mezani kinanitazama. Mdomo umepasuka kama ua.


Jumamosi, 8 Machi

Jana nilimngoja mwalimu wa uraia mpaka darasa likaisha watu. Nikamuuliza kwa kuzunguka: mtu akivunja sheria asiyoijua, inakuwaje? Akasema kutojua si kinga, ila hakimu ana macho, anaweza kumwonea huruma.

Na kama kulikuwa na mtu pembeni anayejua, akanyamaza?

Akacheka. Akasema huyo ndiye wa kufungwa badala yake. Halafu akaniuliza kama naandika mchezo wa kuigiza.

Nikasema ndiyo.


Jumatatu, 10 Machi

Hakuna kitu. Labda hakuna kitu. Baba kamaliza geti la mtu, anapiga mluzi.

Kila gari likipunguza mwendo nje, nainuka kuchungulia.


Alhamisi, 13 Machi

Limekuja.

Mke wa Mzee Kengele kaja jioni, kanga kichwani, hakukaa hata alipowekewa kigoda. Kumbe leseni hukaguliwa kila mwaka pamoja na bunduki yenyewe. Mzee kaipeleka kituoni leo asubuhi, kifua mbele, maana kwake mambo yote yako sawa! Askari kachukua utepe, kapima, katazama karatasi, kapima tena. Wakaichukua bunduki. Wakamchukua na yeye. Kalala ndani — yaani atalala ndani, leo.

"Shemeji, wamemuuliza nani kakata. Kasema. Angesema nini? Hajui kudanganya yule, hata kwenye karata anashindwa."

Baba akasema amefanya vizuri kusema. Mama akashika kiuno.

Mgeni alipoondoka niliwasikia kupitia ukutani. Mama anamwambia Baba akitupe kile kipande chooni, sasa hivi, kabla hakujakucha. Baba anasema mali ya mtu haitupwi. Mama: "Mali! Hiyo ni nyoka umeitundika mwenyewe ukutani, unangoja ikuume." Baba: "Mama Karani, mimi nimeiba? Nimeua? Mteja kaleta kitu kibovu, nimekata ubovu." Mama akasema nenda kaiambie jela maneno hayo, jela inapenda hadithi.

Kisha Mama analia polepole, kwa namna ya mtu aliyeziba mdomo na nguo.

Baba hajui kwamba kuna sharti la sita. Bado hajui! Anadhani polisi wanagomba kwa sababu ya kipimo tu, kwamba kakata zaidi ya alivyoambiwa. Nilisimama mlangoni kwao nimshike mkono nimwambie. Nilihesabu mpaka kumi. Nikarudi kulala.


Ijumaa, 14 Machi

Naandika upesi.

Baba kafunga karakana tangu jana, kufuli kubwa. Anasema asiguse mtu kitu mpaka mambo yaishe. Lakini ufunguo wa pili ninao mimi, wa karani. Nikarudi kutoka shule mapema, nikamsikia yule mnunuzi wa vyuma chakavu anagonga sufuria yake njiani. Yule anayebadilishana vyuma kwa vyombo vya plastiki.

Sikufikiri. Hapana, uongo — nilifikiri. Nilifikiri sauti ya Mama. Nilifikiri: hakuna kipande, hakuna kesi.

Nikafungua, nikapanda kigoda, nikakichomoa kwenye msumari wa tatu. Kizito kuliko nilivyodhani. Nikafuta chaki kwa sketi. Mnunuzi akaniuliza bomba la nini hili, limefumuka hivi? Nikasema la pampu. Kwa sauti kubwa kabisa! Kumbe uongo naweza kuusema nikasikika.

Akanipa kikombe cha plastiki, cha njano.

Kikombe nimekificha kwenye begi la shule. Sketi ina doa jeupe. Nimefua mara mbili.


Jumamosi, 15 Machi

Barua ya kituo imekuja, kwa mkono wa askari wa pikipiki. Nikamsomea Baba mezani, Mama kasimama nyuma yangu. Jumatatu saa tatu, aje na daftari la kazi. Kosa limeandikwa kwa Kizungu. Nikalitafsiri lote. Lote, na sharti la sita ndani yake.

Baba akauliza, "Hiyo imeandikwa wapi?"

Nikasema kwenye kitabu cha leseni.

"Kumbe," akasema. Hakuniuliza kama nilikisoma. Hakuwaza hata kidogo! Alikaa, akajikuna ndevu, halafu — akatabasamu. Nilidhani amechanganyikiwa.

Akasema: sikilizeni. Kosa nimefanya, sikatai, faini nitatoa. Lakini wao wanachoogopa ni mtu anayekata bunduki ili aifiche kwenye koti akavamie watu. Mtu wa namna hiyo anakata mtutu mzima. Hakati mdomo uliopasuka. Na mdomo uliopasuka ninao, uko ukutani, hata kipofu akiushika ataelewa. "Mnaona sasa kwa nini situpi vyuma? Mama Karani, ungenifunga wewe na choo chako!"

Mama akacheka huku machozi yanatoka. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akala.

Nikasema, Baba, nikuletee kipande uende nacho? Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka akatae. Akasema, "Niingie kituoni nimeshika mtutu mkononi? Unataka wanimalize mlangoni? Kikae pale pale. Waje wakikute kilipo, na waya wake, na kengele yake ya chaki."

Nikaomba ruhusa kwenda kujisaidia. Nikaufunga mlango wa choo kwa ndani.


Jumapili, 16 Machi

Nimemtafuta yule mnunuzi wa vyuma tangu asubuhi. Nimeuliza watu! Mimi! Nimegonga milango ya watu nisiowajua nikauliza anapolaza vyuma. Nikamkuta nyuma ya gereji, uwanja mweupe, kutu tu chini.

Lori lilibeba jana jioni. Linapeleka kwenye tanuri la kuyeyushia.

Nikamwonyesha kikombe, nikamwambia nakirudisha. Akanitazama. "Binti, chuma kikishaingia motoni hakidai kikombe."

Usiku wa leo nitamwambia Baba.


Jumatatu, 17 Machi

Sikumwambia. Alikuwa amelala, anakoroma, siku tatu hakuwa amekoroma.

Naandikia kwenye benchi la kituoni, nyuma ya daftari la hesabu. Ukuta wa kijani mpaka nusu, juu mweupe. Mlango wa pili kuna watu wanagombania zamu. Baba yuko kando yangu, kavaa shati lake la harusi za watu.

Tumeshaingia mara moja. Sajenti ni mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Fomu ni za Kizungu, kwa hiyo anauliza, mimi namwambia Baba, Baba anajibu, mimi namrudishia. Sauti ilitoka. Sajenti aliniambia mara mbili tu niongeze.

Akafunua daftari la kazi. "Mwandiko wa nani huu?"

Baba: "Karani wangu huyu hapa." Kwa majivuno! Hapo!

"Namba hii ya leseni uliitoa wapi, binti?"

Kwenye kitabu cha leseni.

"Ukurasa?"

Wa kwanza.

"Hukugeuza?"

Baba akaona kidole cha sajenti kwenye namba, akadakia kabla sijamtafsiria. "Afande, huyo mtoto. Yeye anaandika namba tu. Kosa ni la mkono wangu." Sajenti akanitazama juu ya miwani, muda mrefu, akaandika kitu. Sikuweza kukisoma kichwa chini miguu juu. Mimi, ninayesoma kila kitu.

Kisha Baba akasema, mwambie kipande kipo. Nikasema, "Anasema kipande kipo."

Haya ndiyo maneno niliyoyatafsiri. Kwa Kizungu kisicho na kosa hata moja.

Sajenti akaweka kalamu chini. Akasema kwa Kiswahili, ili Baba asikie mwenyewe: kama kipo na kimepasuka kweli, hili nitaliandika kuwa ni kazi ya kutojua, na wewe na yule mzee mtalala kwenu. Kama hakipo, mimi nina bunduki fupi na maneno ya wanaume wawili. Na bunduki fupi inajieleza yenyewe. Leo huendi nyumbani.

Ametoka kutafuta dereva. Tunakwenda naye karakana, sasa hivi, tukakione.

Baba anaimba kwa pua. Ameniambia nisiogope, na kwamba mimi ndiye nitakayewaonyesha msumari, kwa sababu nazijua namba zote. Ameuliza naandika nini. Nimesema kazi ya shule. "Andika vizuri," amesema, na akaniwekea mkono begani.

Gari limewashwa. Nasikia.

Kikombe bado kiko kwenye begi, kinagonga goti langu.

Sajenti yuko mlangoni, anatikisa funguo.

Nimesema "Baba." Kwa nguvu. Hata wale wa zamu wameacha kugombana.

Amegeuka. Anangoja nimalize kuandika.