Matofali Aliyofyatua Mama

Koku mjukuu wangu,

Jambo hili sijamwambia mtu, maana nilikuwa namsitiri: babu yako anakudanganya. Huku Ndama hatujambo, kahawa tunaanika. Lakini amekuambia eti nilimpendea sauti yake siku alipowatembeza wageni wawili wa Ulaya kanisani na kwenye monasteri ya masista? Nimekasirika mpaka chai imepoa!

Nilikuwa binti wa sekondari, mwenye aibu, naamkia watu huku natazama miguu yao. Niliitwa nimtafsirie kwa Kiingereza. Akagonga ukuta wa kanisa. "Waambie mapadre walijenga yote haya kwa mikono yao."

Mama yangu alikuwa anafagia pale. Ufagio ukasimama. Yeye na wanawake wenzake ndio waliofyatua matofali yale, wakayaanika juu ya majani ya migomba.

"Tafsiri basi, binti!"

"Uongo sitafsiri."

Nikashika mkono wa mgeni, nikaupitisha kwenye tofali, juu ya mistari ya jani la mgomba iliyobaki humo. Nikasema kwa Kiingereza, "Alifyatua mama yangu, yule pale." Wakamwendea, wakampa mkono.

"Umeniaibisha wewe," babu yako akaninong'oneza. Juma lililofuata akaja kwetu, akamwomba mama amsimulie ujenzi wote. Mimi hata hakunitazama! Akaendelea kuja kumsikiliza mama, mpaka nami nikaanza kumngoja.

Sauti nzuri! Akipiga simu, muulize tu matofali yale alifyatua nani. Nasikia ndala zake mlangoni. Karatasi naisukuma chini ya ungo wa kahawa.