Kona ya Watu Kumi na Mmoja

Annandale, Virginia
Jumapili, Aprili 1996, saa nane mchana

Mvua imenyesha asubuhi ikaacha. Lile vumbi la manjano la maua lililokuwa limefunika magari wiki nzima limetiririka lote mpaka kwenye mtaro, na hewa ni safi. Mimi ndiye nisiye safi. Sikwenda kanisani. Nimemwambia mke wangu kichwa kinaniuma, na kweli kinauma, ila si hicho kilichonizuia.

Kwenda kanisani ni lazima nipite mbele ya mlango wa Mama Zuhura, na leo siwezi kumtazama usoni.

Kwa wale wanne au watano mnaosoma ukurasa wangu huu wa intaneti: Mama Zuhura ni Mtanzania, mtu wa Tanga, anakaa ghorofa ya chini yetu. Kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Arlington. Mwaka jana yeye na mimi tuliapa uraia mwezi mmoja. Anaishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye ana makaratasi halali lakini si raia. Dawa zake zinalipwa na serikali. Sasa kule bungeni, mjini ng'ambo ya mto, wanazungumza juu ya sheria ya kuwakatia msaada watu kama huyo bibi.

Mama Zuhura alitaka kusimama mahali akaseme. Akaambiwa mahali penyewe ni mkutano wa chama wa kaunti, kwa sababu huko mjumbe anapewa kipaza sauti na anaweza kupeleka azimio. Na ili uwe mjumbe wa kaunti, kwanza uchaguliwe kwenye mkutano wa mtaa, ule ule unaoanza safari ya kumpata mgombea urais.

Mkutano huo ulikuwa jana. Niliuharibu mimi.

Nianze na jinsi unavyokwenda, maana hata mimi sikuwa najua. Kuna majimbo watu wanapiga kura ya siri kumchagua mgombea wa chama chao. Kwetu hapa mwaka huu chama hiki kinakutana. Watu wa mtaa wanaingia ukumbini, wanaandika majina mlangoni na kutia saini, halafu wanagawanyika. Wanaomtaka fulani wanakwenda kona hii, wasiomtaka kona ile. Kuna pia kona ya wanaosema bado hatujaamua, tunataka mjumbe asiyefungwa na jina la mtu. Mnahesabiwa mkiwa mmesimama. Kundi kubwa linapata wajumbe wengi, kundi dogo mno halipati kitu. Wajumbe wanakwenda kaunti, wakitoka huko wengine wanakwenda wilaya ya bunge, kisha jimbo zima, mpaka mkutano mkuu wa taifa ambako jina linatangazwa na maputo yanaanguka toka darini.

Ngazi zote hizo kwa ajili ya jina ambalo kila mtu analijua tangu Januari. Nilimwambia Mama Zuhura kwamba kitu kinachozungushwa hivyo lazima kuna mtu anakula katikati.

Na neno "mkiwa mmesimama" lilinirudisha nyumbani.

Mwaka wa themanini na nane, kule kwetu karibu na Kitale, nilisimama kwenye mlolongo. Kila mgombea alikuwa na mtu aliyeshika picha yake, na wewe unapanga foleni nyuma ya picha. Wetu ulizunguka uwanja wa shule ukatokea barabarani. Wa yule mwingine ulikuwa mfupi, wa watu wa kuhesabika kwa macho. Ofisa akatembea, akahesabu, akatangaza mshindi: wa foleni fupi. Tulicheka, tukidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Karani wa chifu alikuwa ameshaandika majina ya sisi tuliosimama upande mbaya, na Januari iliyofuata leseni ya kinu changu cha kusaga mahindi haikupatikana. Nilikwenda ofisini mara tisa. Kila mara faili ilikuwa imetoka.

Hivyo ndivyo nilivyokuja Amerika, nyuma ya mke wangu muuguzi, nikiwa sina kinu na simwamini mtu mwenye kalamu.

Mama Zuhura hayo hayajui moyoni. Amekulia kwa baba aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, mikutano ya chama kwake ni kama chai ya saa nne. Nilipomweleza wasiwasi wangu alinicheka mpaka akajifuta machozi.

"Nyie Wakenya bwana! Mtu akikaribishwa chai anachungulia kwanza chini ya kikombe. We njoo usimame na mimi, basi. Nahitaji vichwa."

Nikaenda.

Mkutano ulikuwa katika chumba cha kulia cha shule ya msingi, viti vidogo vya watoto, harufu ya maziwa yaliyomwagika. Mlangoni alikaa bibi mmoja wa Kizungu, sweta ya kufuma, miwani imefungwa kamba shingoni. Mbele yake fomu. Nilizisoma zote, nilisoma hata maandishi madogo. Jina, anwani, namba ya simu, na chini yake kiapo kwamba naafiki misingi ya chama na sina nia ya kumuunga mkono mgombea wa chama kingine. Halafu saini.

Kiapo, na namba ya simu. Sikuigusa kalamu.

Niliona na mengine. Bibi yule alikuwa na kalamu ya wino moja na penseli mbili, nikajiuliza penseli za nini. Chini ya meza kulikuwa na boksi. Saa ya ukutani ilikuwa mbele ya yangu kwa dakika sita, na mlango ulipangwa kufungwa saa tano kamili, kwa saa ya nani? Mwenyekiti, mwanamume mrefu, alikuwa anamnong'oneza kiongozi wa lile kundi kubwa, wanacheka.

Mbele yangu alisimama jamaa mnene. Alipoinama kuandika nilipita nyuma yake. Nikachukua karatasi ya kubandika kifuani, nikaandika jina langu la kwanza tu, nikaingia. Hakuna aliyeniona. Nilijiona mjanja sana.

Mwenyekiti akatangaza: waliosaini ni sabini na saba, na kwa hesabu hiyo kundi lisilofika watu kumi na wawili halina mjumbe. Watu wakaanza kutembea. Karibu wote walikwenda kwa yule mgombea anayejulikana. Kwenye kona yetu, chini ya picha ya piramidi ya vyakula, tulijikusanya wasioamua: Mama Zuhura na ushungi wake wa kijani, mapadri wawili wastaafu, familia ya Wasalvador, mwalimu wa chuo, wengine siwajui. Nilihesabu. Kumi na wawili. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kumi na wawili. Wakakubaliana mjumbe awe Mama Zuhura, naye akashika mikono yote miwili kifuani kama bibi harusi.

Bibi wa mlangoni akapita na orodha, anasoma vikaratasi vya vifuani, anatia alama. Kwangu nilijigeuza kidogo, nikakohoa.

Mwenyekiti akasoma: kona ya wasioamua, kumi na mmoja.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilijiona niko Kitale kwenye uwanja ule. Nilipiga kelele ukumbi mzima ukanigeukia. Nilisema tuko kumi na wawili, nimehesabu mwenyewe, ihesabiwe upya. Na niseme ukweli, kulikuwa na raha ndani yake. Miaka minane nilikuwa nimeimeza sauti ile.

Wakahesabu vichwa, kumi na viwili. Wakasoma orodha, kumi na moja. Wakasoma majina moja moja, na jina lisilokuwepo lilikuwa langu. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama nilitia saini mlangoni.

Nikasema ndiyo.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Wangeniuliza mbele ya watu watatu ningesema kweli. Walikuwa sabini na saba, nimeshapiga kelele, Mama Zuhura ananitazama kama wakili wake. Ndiyo ilitoka yenyewe.

Yule bibi akaanza kupekua fomu zake. Fomu zikamponyoka, akapiga magoti kuziokota. Mama Zuhura akasimama juu yake.

"You took it! Karatasi ya mtu haina miguu! You took the paper!"

Bibi akasema hakumbuki kuniona, lakini labda ni yeye, labda ameipoteza. Mwenyekiti akasema anasikitika sana, kanuni ni orodha. Mlango umeshafungwa, haongezwi mtu. Kona yetu ikavunjwa, tukaambiwa tunaweza kujiunga na lile kundi kubwa tukitaka. Mapadri walikwenda. Mama Zuhura alitoka nje, akaketi kwenye gari, akalia.

Nami nikambembeleza. Nikamwambia hivi ndivyo walivyo, nilikuonya.

Jana hiyo hiyo jioni alikuja kwetu na barua ya malalamiko kwa kamati ya kaunti, ameiandika kwa mkono kurasa mbili. Bibi wa mlangoni ametajwa mara tano. Kesho ndiyo mwisho wa kuipeleka.

"Baba Nekesa, wewe ndo witness wangu namba moja. Soma, ukimaliza u-sign hapo chini. Bila wewe hii barua haina kichwa."

Nikasema niachie nisome vizuri. Yeye akasema haya, si unajua wewe ni mtu wa kusoma mpaka madoa.

Alipotoka, mke wangu aliendelea kupiga pasi sare yake ya kazini bila kuinua macho.

"Uli-sign, ama huku-sign?"

Nikainamia barua.

"Mimi nakujua. Wewe hata fomu ya library ulikataa, ikabidi nikuchukulie vitabu na kadi yangu."

Asubuhi amekwenda zamu mapema kuliko kawaida. Barua iko hapa mezani. Nikiitia saini, mwanamke mzee atafukuzwa kwenye kazi ya kujitolea kwa kosa ambalo hakulifanya, na Mama Zuhura huenda akapewa kiti cha mjumbe. Nimefikiria hivyo, nisijifanye malaika. Nimefikiria kwamba bibi wa watu atapoteza meza tu, na mwenye sukari atapata mtu wa kumsemea. Nimeshika kalamu kabisa.

Acha nishuke.

*

Saa kumi na mbili jioni

Nimerudi.

Mama Zuhura alikuwa anachagua mchele kwenye sinia, mama yake kalala kwenye kochi, miguu imefunikwa kanga. Nilisema nikiwa bado mlangoni, kwa sababu nilijua nikiketi nitaomba maji na kuanza habari nyingine. Nilisema sikusaini. Nilipita nyuma ya jamaa mnene.

Nilitegemea anipigie kelele. Aliweka sinia chini, akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya sinia.

"Woga ningekuelewa," akasema. "Huo wa kwenu ulionihadithia, ningekuelewa, wallahi. Ungeniambia pale pale sikusaini, ningekutukana tukaja nyumbani. Lakini mimi nimemwita yule mama mwizi, Baba Nekesa. Amepiga magoti mimi nimemsimamia juu."

Nikasema tutakwenda wote kumwomba radhi.

"Nitakwenda mwenyewe siku yangu. Wewe nenda ya kwako leo."

Na mama yake, nilidhani amelala, akasema bila kufumbua macho, "Mpe baba wa watu maji kabla hajaenda." Nilipewa. Niliyanywa yote nimesimama.

Namba ya simu ya bibi wa mlangoni iko kwenye tangazo la mkutano, chini, ya mtu wa kuulizwa maswali. Nilipiga kabla sijavua viatu. Alipokea mlio wa kwanza. Nilitaja jina langu, na kabla sijaongeza neno akasema afadhali nimepiga, amekuwa akinitafuta ila hakuwa na namba yangu.

Hakuwa nayo, naam.

Akaniambia tangu jana hajakaa. Amezipitia fomu zote mara nne. Asubuhi hii amemwomba msimamizi wa shule amfungulie, wakamwaga mapipa ya taka ya chumba cha kulia sakafuni, wakatafuta karatasi yangu katikati ya maganda ya machungwa. Hakuipata. Akasema ameifanya kazi hiyo muda mrefu, haijawahi kumpotea fomu, labda umri umefika na ampishe mwingine. Akasema anaomba radhi kwangu na kwa yule rafiki yangu wa ushungi wa kijani, kwa kutupotezea mjumbe.

Mimi ndiye niliyepiga simu na yeye ndiye anayeomba radhi.

Nikamwambia. Kiingereza chote cha miaka saba kilinikimbia, nikabaki na maneno manne. Upande wa pili nikasikia birika lake likilia jikoni na hakuna anayelitoa motoni. Nikangoja matusi. Ningeyapokea.

Akasema, "Thank you," akakata simu.

Asante ya nini? Nimekaa hapa nusu saa nzima, taa sijawasha, nikiitafuta hila ndani ya neno lile. Nimeligeuza kila upande. Haimo.