Chumvi ya Patroni

Alhamisi, baada ya magharibi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mimi nimerudi nyumbani na hasira ambayo hata kuoga hakujaitoa.

Kama unasoma hapa mara ya kwanza, mimi ni mpishi. Napika katika restora moja karibu na ufuko, hapa Rumonge, miaka mingi sasa. Sombe yangu, kisamvu cha mawese, watu wanaifuata kwa pikipiki kutoka Minago, na hapa sitii chumvi hata kidogo.

Chumvi. Ndiyo shida yenyewe.

Zamani restora ilikuwa mikononi mwa Mama Hadija. Asubuhi anaingia jikoni, salamu ya amahoro kwa kila mmoja, hata kwa Nestori, mchoma samaki wetu, ambaye hapendi kusemeshwa kabla ya chai. Kisha anauliza, "Leo tunawalisha nini watu?" Tukimjibu, anasema haya, anaenda zake mbele kukaa na wateja. Ukiunguza kitu, anakuambia mkiwa wawili, na yamekwisha. Kazi ilikuwa ngumu na mgongo uliniuma vilevile. Lakini nilikuwa naamka kabla ya adhana nikiwaza mawese ya nani nitanunua.

Alipohamia Uvira kwa binti yake, alimwachia restora mdogo wake, Saidi. Sisi tunamwita Patroni.

Haki yake nimpe: Patroni si mtu mbaya. Hatukani mtu, mshahara hacheleweshi. Ila ana kijiko. Kinakaa katika mfuko wa shati, kama kalamu ya daktari. Kila mchana, kabla chakula hakijatoka, anaingia, amahoro hakuna, anafunua sufuria, anaonja, anatikisa kichwa, anatia chumvi. Sufuria zote. Siku moja alifunua hata ile ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kikashuka, mpaka Nestori akakohoa.

Mwanzoni nilimwambia, "Patroni, nimeshatia."

"Najua. Naangalia tu." Akatia.

Wateja wakaanza kunung'unika kwamba chakula ni chumvi tupu. Nikapunguza yangu, yeye akaongeza yake. Nikapunguza tena. Mwisho nikaacha kabisa: napika bila chumvi, namwachia yeye. Chakula kikarudi sawa, tukaishi kwa amani, na yeye akawa anawaambia watu kwamba jiko hili bila yeye haliendi.

Ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyeifanya iwe kweli.

Sasa anafungua restora ya pili, Minago. Juma lililopita nilimwomba anipe jiko la kule niliendeshe mwenyewe. Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nianze kazi. Alisema atanijibu.

Leo mvua iliangusha udongo barabarani, upande wa Magara, naye alikuwa anatoka Bujumbura. Akakwama huko. Sisi tulikuwa na wageni wa posa, familia mbili, wamevaa nguo za Ijumaa siku ya Alhamisi. Nikawapikia sombe, ugali wa muhogo na samaki wa mukeke wa mchuzi. Nikafunika. Nikasimama nasubiri kijiko, kama kawaida. Simu yake haipatikani.

"Da Mariamu," Nestori akasema, "watu iko na njaa."

Nikapakua.

Utaniuliza, kwa nini usitie chumvi mwenyewe? Wallahi sijui. Kopo lilikuwa pale pale, karibu na kiwiko changu. Mkono haukwenda tu.

Mjomba wa bibi harusi alionja, akarudisha tonge kwenye sahani, akauliza kwa sauti mpaka barabarani wakasikia, "Kwani leo munatulisha chakula cha wagonjwa?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Patroni alifika alasiri, matope mpaka magotini. Alipoambiwa, hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alifurahi. Alichomoa kijiko akatuonyesha sote.

"Munaona? Siku moja tu mimi siko, chumvi inakosa. Na wewe Mariamu unataka Minago! Nitakuacha kule peke yako namna gani?"

Nami nikamjibu nini? "Pole na safari, Patroni."

Pole na safari! Mdomo huu huu unaogombana na wauza samaki wa ufukweni mpaka wananikimbia.

Nimerudi nyumbani nikapika ndagala, dagaa wa ziwani, kwa hasira, nabamiza vifuniko. Mama yangu, ninayeishi naye, akala tonge moja, akanyoosha mkono kuchukua kopo la chumvi. Mama, ambaye tangu niolewe hadi nikaachika hajawahi kuongeza kitu katika chakula changu.

"Mariamu," akasema, "mkono wako umeuacha wapi?"

Nikaonja. Chumvi hakuna. Nyumbani kwangu, hakuna Patroni, hakuna kijiko, na bado sikutia.

Hapo ndipo nilipolia. Minago sikuikumbuka hata kidogo. Nililia kwa sababu nilikuwa najiambia kwamba ninamwachia yeye chumvi tu, kumbe nilikuwa namwachia kazi yangu yote, na siku hizi sijali tena sombe ikiiva au ikikataa. Tangu lini? Mbona sikusikia ikiondoka?

Nimemwambia Mama naacha kazi. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, siachi. Lakini kesho ni Ijumaa, watu watajaa. Nitatia chumvi yangu mapema, nitaonja, nitafunika, na Patroni akija na kijiko nitaweka mkono juu ya kifuniko. Nitamwambia, "Patroni, hii imekwisha. Kaa mbele, ule na wateja." Nitamweleza na ya leo, yote, kwamba chumvi ilikosa kwa sababu nilishazoea kumwachia yeye.

Akitaka kukasirika, akasirike. Minago akitaka kumpa mwingine, ampe.

Mkono wangu simpi tena.