Maneno Niliyomwongezea Mama Anyango

Migori,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Wakesho,

Nakuamkia kutoka huku mbali, na kabla hujauliza: ninakula, ninalala, na malaria imenishika mara moja tu tangu Pasaka, ikaondoka yenyewe iliponichoka. Kifua chako kimepoa? Na Mama, bado anashuka mwenyewe mtoni na ndoo, au amekubali kusaidiwa? Shemeji sijawahi kumwona akiugua, kwa hiyo simwulizii afya, namsalimu tu.

Barua zako tatu nimezipata. Zote zinauliza jambo moja, kwamba nimefika ukurasa wa ngapi. Nimefika ukurasa wa mia tatu na kumi, na hapo ndipo nilipokwama tangu mwezi wa sita. Utakuwa umeona pia kwamba barua hii haitoki Homa Bay. Mambo hayo mawili ni habari moja. Nakuomba uisome yote kabla hujaanza kunigombeza, maana nakujua.

Uliponipa kile kitabu ulisema mtu hajui Kiingereza mpaka amalize hadithi nene ya Waingereza wenyewe, na kwamba neno usipolitumia siku ile ile uliyokutana nalo, limeshakukimbia. Nilikutii kama mtoto wa darasa lako la nne. Kila siku maneno matano. Nililichukua neno kitabuni, nikalitafuta katika kamusi, nikaliandika kwenye daftari. Kitabu chenyewe, kama unavyojua, ni cha watu wanaogombania nyumba kubwa ya marehemu, na hakuna hata mmoja anayesema jambo kwa ufupi. Mtu akihuzunika, huzuni yake inachukua nusu ukurasa. Mwanzoni kilinichosha, kisha kikaninogea, nikawa nasoma hata ninapongoja uji upoe.

Taabu ilikuwa kuyatumia maneno hayo. Ningeyatumia wapi, Dada? Sokoni ni Dholuo, na asiyekijua kama mimi anapewa Kiswahili cha kuhesabia samaki. Mwenye nyumba yangu ni Dholuo mtupu na ishara za mikono. Mtu pekee niliyesema naye Kiingereza kutoka Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa hakimu, yule Mzungu wa makamo aliyebaki baada ya Uhuru, na nilisema naye kazini tu.

Na kazi yenyewe inakwenda hivi. Shahidi anasema kwa Dholuo. Mzee Ogada, mkalimani mwenzangu aliyepigana vita vya Burma, anayageuza maneno yake kuwa Kiswahili. Mimi nayachukua kwa Ogada nayageuza Kiingereza. Hakimu anaandika ninachosema mimi, si kingine. Sasa umeshaona maneno yangu matano ya kila siku yalikopitia.

Hakimu hakulalamika. Siku moja alisimamisha kalamu, akatabasamu, akasema Kiingereza changu kinakua. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijisikia mtu mzima. Mwisho wa mwaka nilikuwa nithibitishwe kazini, na barua ya sifa ilikuwa itoke mkononi mwake. Ndiyo hiyo niliyokuandikia habari zake, nawe ukamtangazia kila mtu kanisani.

Mwezi wa sita tulikwenda Ndhiwa. Korti yetu huzunguka, na kule inakaa katika ukumbi wa baraza. Kulikuwa na mjane, Mama Anyango, aliyeibiwa maksai. Alimwona mnyama wake sokoni Rangwe, mikononi mwa mfanyabiashara wa ng'ombe, akapiga kelele mpaka askari wakaja. Mfanyabiashara alishtakiwa, naye akaleta wakili kutoka Kisumu, mtu mwenye viatu vilivyong'aa kuliko meza ya hakimu. Maksai mwenyewe alifungwa nje kwenye mti, kama ushahidi. Mama Anyango alikuwa na jozi moja tu ya kulimia, na yule aliyebaki nyumbani peke yake hawezi kuvuta jembe. Asipompata mwenzake, msimu unampita na watoto wanne.

Alitoa ushahidi vizuri. Alisema sikio la kushoto la maksai lina alama ndogo ya kisu, pembe ya kulia imeshuka kidogo, na alipomwona sokoni alishtuka. Ogada akanipa vivyo hivyo. Nitakuandikia kwa Kiswahili kile nilichompelekea hakimu, ujionee mwenyewe. Nilisema sikio limeraruliwa kikatili, pembe imepotoka kwa namna ya kutisha, na mama alipomwona mnyama wake alighubikwa na majonzi akaanguka chini amezirai. Hilo la kuzirai lilitoka kitabuni jana yake. Kuna bibi mle ndani anazirai kila sura.

Wakili akasimama taratibu. Akamwomba hakimu atazame dirishani. Akasema, huyu maksai masikio yake yote mawili ni mazima, ana kovu tu kama la wembe, na pembe zake ni za ng'ombe yeyote. Kwa hiyo shahidi anamweleza ng'ombe mwingine, au amefundishwa. Tena watu wote wa soko la Rangwe wanajua kwamba mama huyu hakuzirai, alisimama wima akigomba saa nzima. Asiyesema kweli kuhusu miguu yake mwenyewe, aaminiweje kuhusu ng'ombe?

Hakimu alivua miwani. Akanigeukia mimi, akauliza: "Hayo ndiyo maneno yake?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nimekuandikia bila kupamba. Ningeweza kusema niliogopa, na kweli niliogopa, lakini zaidi niliona aibu mbele ya yule wakili. Hakimu akaandika, akasema atatoa uamuzi baada ya chakula.

Nilikwenda kukaa nyuma ya ukumbi. Mama Anyango akanifuata, mwanamke mrefu, ana pengo mbele, amefunga leso mpya kwa ajili ya korti. Hakujua wakili amesema nini, maana yale hayakutafsiriwa yote. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Erokamano, nyathina," akasema, yaani asante mwanangu, kisha akakitafuta Kiswahili chake cha sokoni. "Maneno yangu ilikuwa kidogo. Wewe umeiongeza nguvu. Nilisikia ikienda mrefu. Sasa huyo Mzungu amesikia mimi."

Nilimwamkia tu tena, kama mjinga, nikaenda kumtafuta Ogada. Nikamweleza yote. Nikamuuliza kwa hasira mbona miezi yote hiyo ananisikia na hajaniambia neno, yeye ambaye anajua Kiingereza cha jeshi. Akasema alinisikia nikirefusha, ila alidhani Kiingereza cha korti ndivyo kilivyo, hakipiti njia iliyonyooka. Hakucheka. Akamaliza mhogo wake, akapangusa mikono.

"Ukinyamaza leo, ng'ombe anaenda," akasema. "Ukisema, wewe ndiye unaenda. Mimi siwezi kukuchagulia."

Tuliporudi ndani nilisimama kabla hakimu hajafungua faili. Nikasema kuzirai ni kwangu, kuraruliwa ni kwangu, kutisha ni kwangu, na shahidi alisema alama ndogo. Nilisema pia kwamba nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu uongo. Wakili akaruka, akasema sasa mkalimani ameingia upande wa mlalamikaji, na hapo alikuwa na haki. Hakimu alituma askari shule ya msingi iliyo karibu, wakamleta mwalimu mkuu na chaki bado mkononi, akaapishwa, na mimi nikaambiwa nikakae kwenye benchi la watu. Mama Anyango akasema upya. Mwalimu alimtafsiri kwa maneno ya kitabu cha kwanza, mafupi, na hayakupungua kitu. Kisha sote tukatoka nje, hakimu akamwinamia yule maksai akalishika sikio kwa vidole vyake mwenyewe.

Mama aliondoka na mnyama wake jioni ile. Alikuwa ameshaelezwa nilichofanya. Alipita mbele yangu akivuta kamba na hakuniaga, nami sikumlaumu.

Kesho yake hakimu aliniita. Hakupaza sauti. Alisema barua ya sifa haitakuwapo, uthibitisho umesogezwa mwaka mmoja, na sitasimama tena karibu na shahidi. Ndivyo nilivyofika Migori. Naandika hati za kuitia watu shaurini na kuzipanga kwa tarehe. Nimepanga chumba nyuma ya duka la Mzee Abdi, Mwislamu kutoka Isiolo, ambaye ananiita Mwalimu bila sababu na kunitumia chai ya tangawizi Ijumaa. Kazi si mbaya.

Kwa hiyo, Dada, mtangazie kila mtu upya kwamba sijapanda cheo. Pole. Najua ulivyokuwa umefurahi.

Lingekuwa limekwisha hapo ningelala vizuri. Lakini mezani huku nina muda wa kufikiri, na nimekuwa nikihesabu: kutoka Januari hadi Juni, ni watu wangapi walipita mdomoni mwangu? Wengi wao mambo yao yalikuwa madogo, faini na mipaka. Mmoja haniachi. Ni mvuvi wa upande wa Magunga, Ouma, aliyempiga shemeji yake kwa kasia walipogombania nyavu. Alikiri mwenyewe. Alisema, nilikasirika, nikampiga mara moja, kisha nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Mimi nikasema alitekwa na ghadhabu isiyojua kizuizi. Na ile ya kumbeba mgongoni niliipitisha mbio, kwa sababu siku hiyo sikuwa na neno kubwa la kuifaa. Hakimu alipohukumu alisema mshtakiwa mwenyewe amekiri kwamba ghadhabu yake haina kizuizi, ni hatari kumwachia. Akampa miaka miwili. Hayo aliyoyarudia hakimu yalikuwa maneno yangu, Dada, na Ouma alisimama pale akiitikia kwa kichwa akidhani anasomewa ya kwake.

Nilimweleza karani mkuu wa hapa. Ni mtu mwema. Akanishauri niache, kesi imefungwa, mtu ameshakula karibu nusu ya kifungo, na mimi nikiichokoa hii watafungua na nyingine, na safari hii sitahamishwa, nitafukuzwa. Nilimwambia hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayonisumbua. Juzi nilimwandikia hakimu, nikataja jina la Ouma na yale aliyoyasema kweli, mgongo na zahanati, nikatia sahihi. Niliipeleka posta kabla ya kukuandikia wewe, kwa sababu ningeanza na yako ungenishauri kama karani, na ningekusikiliza.

Nisalimie Shemeji. Nisalimie Shangazi wa mlimani na umwambie kikapu chake bado kizima. Wanao wawili uwaambie wasiache kusoma, kosa halikuwa la kusoma. Mama msomee habari za malaria na za maksai, atacheka. Za Ouma usimsomee. Ukiniona nashuka kituoni Voi na sanduku langu lote kabla ya Krismasi, utajua wamenijibu, na utamwambia Mama wewe mwenyewe kwamba mwanawe hakuiba kitu.

Wako mdogo, ambaye bado anakutii,
Mwakio